Bastola Isiyoshika Moto

Mume wangu Sabiri ni fundi redio hapa Manundu, na wiki ile nzima aligombana na bastola yake ya kulehemu kama mtu anayegombana na wifi. "Haishiki moto, Mama Hiza," aliniambia kila nilipompelekea chai.

Ana mazoea yake. Hubonyeza kitufe, husogeza ncha karibu na kidole apime joto, ndipo aguse redio. Akiona joto halitoshi, huchomoa waya ukutani, hungoja ipoe, hukaza nati mbili zinazoshika ncha na kuisugua kwa msasa. Nati zikilegea, moto haufiki. Wiki ile alizikaza mpaka nikadhani atazivunja. Akanunua ncha mpya. Bado baridi.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Bibi Maryamu, mteja wetu, alikuja kutoka Misima, kule Handeni, na redio aliyoichukua kwetu juzi yake. Imeungua ndani, vinjia vya shaba vimebanduka kwenye ubao.

"Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo, "huyu mumeo siku hizi anatengeneza redio au anachoma mahindi?"

Hakuwa wa kwanza. Wateja walishaanza kupita kwa Enock, fundi mwenzake, na sisi hatuna shamba la kutulisha. Bastola isiyo na moto inaunguzaje redio? Sikuelewa kichwa wala miguu. Nilifikiri, Mungu anisamehe, ana mwanamke, maana jioni moja alirudi na kandambili ya mguu mmoja tu. Nilipomuuliza nyingine iko wapi, akautazama mguu wake kana kwamba ni wa jirani.

Bibi alipoondoka, hasira zikanipanda. Nikaichukua bastola, nikabonyeza, nikagusa waya wa lehemu. Ukayeyuka papo hapo, tone likaanguka mezani.

"Hii nzima," nikasema. "Unaibonyeza muda wote huo unasubiri nini?"

"Nasubiri ipate moto."

"Ina moto, Baba Hiza."

"Haina. Wewe kazi hii huijui."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi, na nilimwonea huruma. Akainyakua, akabonyeza, akangoja. Safari hii hakukisogeza kidole karibu. Alikikandamiza kwenye ncha yenyewe.

Harufu ya nyama ilinifikia kabla sijaelewa ninachokiona. Moshi mwembamba ukapanda katikati yetu, naye ametulia tu, kama mtu aliyeshinda ubishi.

"Unaona?" akasema. "Baridi."

Nilimpokonya, nikamburuta hadi uani, nikauzamisha mkono wake kwenye ndoo. Nilikuwa nalia, sijui namlilia nani. Yeye aliutazama mkono wake mle majini kwa muda, halafu akaniuliza taratibu kama maji yale ni ya baridi.