Mtamba wa Jumapili ya Mitende

Kila asubuhi nilipompelekea mtamba wetu majani niliiona nundu yake, na kila nilipoitaja mume wangu Elinami alikuwa na jibu jipya. Kwanza alisema ni misuli. Kisha akasema ni mafuta, eti namlisha pumba nyingi mno.

"Baba Princess," nikamwambia, "Frizian gani ana nundu?"

"Kwani wewe umewaona Frizian wote duniani?"

Kikundi chetu cha ufugaji hapa Nduruma kina sharti moja. Anayepewa ng'ombe humlea, na mtamba wa kwanza atakayezaliwa anamkabidhi anayefuata kwenye orodha, pamoja na kadi inayoonyesha mama, baba na siku ya kupandishwa. Sisi tulimpata ng'ombe wetu Bahati kwa njia hiyo. Aliyetufuata ni Skolastika, mjane wa Moshono, ambaye alikuwa amesubiri miaka minne. Alishajenga banda na kupanda majani ya tembo nyuma ya nyumba. Nafasi yake inatosha ng'ombe mmoja tu, kwa hiyo alitaka uzao wa maziwa usio na shaka. Kadi ya mtamba wetu ilisema baba ni Frizian, na namba yake imeandikwa.

Makabidhiano yalipangwa Jumamosi. Jumatano nikakutana na jirani yetu Lerionka kwenye bomba la maji.

"Mama Princess, mjukuu wangu hajambo?"

"Mjukuu yupi?"

"Huyo binti wa dume langu. Nasikia mnamwoza Jumamosi, na mahari sijaletewa!" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mimi sikucheka. Niliacha ndoo palepale nikarudi nyumbani, na safari hii Elinami hakuwa na jibu jipya. Richard, bwana mifugo wetu, alikuwa amempandisha Bahati kwa mrija wa mbegu za Frizian, kama kadi inavyosema. Lakini mimba haikushika. Baada ya wiki tatu Bahati akarudi kwenye joto, na siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Mitende.

"Ng'ombe analia toka alfajiri," Elinami akasema. "Nampigia Richard, simu imezimwa, yuko kwaya. Wewe uko kanisani na matawi yako. Ningefanya nini? Joto la ng'ombe linasubiri ibada iishe?"

"Linasubiri! Hata jioni angepandishwa!"

"Na mnada wa sadaka je? Si mlikuwa mnanadi jogoo mmoja mpaka saa tisa?"

Hilo lilikuwa kweli, na likaniudhi zaidi. Basi alimswaga Bahati mpaka kwa dume la kienyeji la Lerionka, akamrudisha kabla sijafika, na kadi akaiacha kama ilivyo. Bahati alipochelewa kuzaa kwa wiki tatu, Elinami aliniambia kwamba ng'ombe wengine ni wavumilivu.

Nilipiga magoti jikoni nikamwomba Mungu ampe mume wangu kinywa cha kusema. Katikati ya maombi nikaona aibu. Nilikuwa namwomba Mungu amtume mwingine kazi ambayo mimi mwenyewe naiogopa.

Alhamisi nikaenda kwa mwenyekiti wetu, Mwalimu Abdiel.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Kuna tatizo?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akikuna kidevu. "Kadi imeshapigwa mhuri," akasema. "Mtamba ana afya. Unataka tukivunje kikundi kwa sababu ya kanundu?"

"Si nundu, Mwalimu. Ni kadi. Inasema uongo."

Akainamisha kichwa, akaniombea amani. Amani ninayo. Nilitaka mtu wa kukata jina la dume kwenye kadi. Nikampigia Richard. Akasema yeye aliandika alichofanya kwa mkono wake, yaliyofuata hayamhusu. Ijumaa nilishinda nimekasirika, na sikumpigia aliyehusika hasa.

Jumamosi wanakikundi wakakusanyika uani kwetu. Skolastika alikuja na kamba mpya na kitenge cha kumfunika mtamba. Mwalimu Abdiel akaanza kusifu uaminifu wa wafugaji wetu, na hapo nikashindwa kuvumilia.

"Dada Skolastika," nikasema, "baba wa huyu mtamba si wa kwenye kadi. Ni dume la Lerionka."

Mtu mmoja akakohoa. Elinami akatazama paa la banda.

"Umejua lini?" Skolastika akaniuliza.

"Jumatano."

"Na leo ni Jumamosi. Namba yangu unayo?"

"Ninayo."

"Haya."

Neno hilo moja lilinichoma kuliko matusi. Nikamwambia kwamba Bahati ana mimba ya miezi sita, na safari hii Richard alimpandisha nikiwa nimeshika kamba mimi mwenyewe. Akizaa jike, ni wake.

"Akizaa dume?"

Nikatazama tumbo la Bahati.

"Nisubiri tena? Majani yangu yamekomaa mpaka jirani wananiuliza namlisha nani. Basi nipeni Bahati."

"Shemeji!" Elinami akaruka. "Bahati ndiye anayetulisha!"

"Na mimi nilikuwa nilishwe na nani, shemeji? Na nundu?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Mwalimu Abdiel akasema sharti la kikundi halitaji mama, linataja mtamba. Skolastika akamwambia sharti linataja na kadi pia.

"Mchukue," nikasema.

Nilikwenda kumfungua Bahati, lakini vidole vyangu havikulegeza fundo. Nilihangaika nalo mpaka Elinami akanisogeza pembeni kwa bega, akalifungua mwenyewe bila kunitazama. Skolastika hakutushukuru. Alisoma kadi ya Bahati mstari kwa mstari, mbele ya wote, akataka Richard aende kwake Jumatatu amweleze kwa mdomo. Kisha akamfunika Bahati kile kitenge, wakaondoka.

Kesho yake kabla ya ibada tulikunywa chai ya rangi. Elinami aliigeuzageuza kwenye kikombe kama dawa.

"Tazama ulichotufanyia," akasema.

"Kunywa, Baba Princess. Kengele ya pili inakaribia."

Mtamba akalia bandani. Alikuwa na njaa, hakuna aliyemkumbuka. Elinami akainuka kumpa majani, akakaa huko muda, akarudi na ile kadi aliyoiacha Mwalimu juu ya ndoo. Akaiweka mezani.

"Na huyu tutamwandikia nini?"

"Kilichotokea."

Akavuta pumzi, akachukua kalamu, akakata mstari ule wa dume, akakata tena juu yake. Kisha kalamu ikasimama.

"Lile dume la Lerionka linaitwaje?"

"Mimi nitajuaje? Uliyempeleka Bahati ni wewe. Nenda kamuulize."

"Leo? Atanicheka mwaka mzima."

"Atakucheka."

Akaenda, akinung'unika mpaka alipovuka mfereji.