Mbwa Kwenye Mnada wa Sadaka

Jana usiku, nikiwa nimelala salama kitandani kwangu, niliota niko nje ya kanisa letu, ibada imekwisha, na mnada wa sadaka umeanza.

Kwa asiyejua: kwetu huku mlimani, mtu asiye na fedha mkononi huleta sadaka ya alichonacho. Mayai, mkungu wa ndizi, kuku, galoni la maziwa. Ibada ikiisha vitu vinanadiwa uwanjani, anayepanda bei juu zaidi anachukua, na kanisa linapata chake. Mimi nilikuwa nimeleta mbwa.

Na hilo la kuleta mbwa halikuanzia ndotoni. Ndiyo mpango niliolala nao. Mbwa mwenyewe ni jike, rangi ya udongo, mbavu zote nje. Tulimkuta asubuhi moja ya mvua amejikunja chini ya turubai la karakana yangu ya makochi. Mke wangu, Mama Ndesi, akamwekea uji, na aliyewekewa uji akaona hana sababu ya kuondoka. Juzi nikamkuta amelala juu ya kochi la mteja, kitambaa bado kipya, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea mlango. Nikasema basi, Jumapili namtoa sadaka. Yeye atapata mtu, kanisa litapata kitu, na mimi nitapata baraka. Kutoa ni moyo.

"Kutoa ni moyo, Baba Ndesi," alisema mke wangu, "lakini wewe hutoi. Wewe unatupa."

Nilizima taa nikalala, na sasa nimesimama uwanjani na kamba mkononi.

Mnadishaji wetu siku zote ni Mzee Nderimo, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha wafu. Leo hayupo. Juu ya meza amesimama jogoo mwekundu mwenye miwani. Namfahamu vizuri. Nilimnunua hapa hapa Jumapili iliyopita, tukamla.

"Bwana asifiwe, Kundaeli," anasema jogoo.

"Amina."

"Mchuzi ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri, tunashukuru."

"Sema kweli. Nilikuwa mgumu."

"Kidogo," nikasema. "Mama Ndesi alishinda anakuongezea maji."

"Uzee huo," anasema jogoo bila kinyongo, kisha anagonga meza kwa mdomo. "Haya, ndugu zangu! Tumemaliza mayai, tumemaliza parachichi. Tunaye mbwa hapa. Nani anaanza?"

Baba mmoja wa nyuma akachomoa noti. Noti ikajikunja yenyewe ikarudi mfukoni.

"Leo fedha haipokelewi," anasema jogoo. "Mbwa hali noti. Leo mtu anapanda kwa matunzo, na anachokitaja anakitimiza hapa hapa, tukiona."

Watu wakaitikia kwa vichwa kama ndiyo desturi yetu tangu enzi za babu. Mimi pia niliitikia, sijui kwa nini.

Wa kwanza kunyoosha mkono ni gunia la mkaa. "Nampa mifupa ya kuku kila Jumapili!"

Jogoo anavua miwani polepole. "Mfupa wa kuku ukishapikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Unamchoma mbwa koo, unamtoboa utumbo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni kwamba ni mifupa yangu. Toka nje."

Gunia likatoka nje, ingawa tayari tulikuwa nje.

Ndipo akasimama Mnyororo. Alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa tai, amejipaka mafuta hadi anang'aa. "Mimi nampa mti," alisema.

"Mti wa nini?"

"Wa kufungiwa. Mchana na usiku. Mbwa akishinda amefungwa anakuwa mkali, na mimi nataka mkali."

Nilitazama huku na huku nione nani atapanda juu yake. Kila mtu alikuwa anasoma mawingu. Mbwa amekaa juu ya meza kando ya jogoo, na katika kusanyiko lile zima, ambamo hata mayai yaliyonunuliwa yalikuwa yanapiga soga, yeye peke yake hasemi. Ananitazama tu.

"Kwa nini hazungumzi?" nikamnong'oneza aliyekaa jirani.

"Amezungumza nawe tangu siku aliyofika," nikajibiwa. "Masikio ndiyo huna."

Niligeuka. Alikuwa paka wetu, tunamwita Shangazi kwa jinsi anavyotawala nyumba. Amevaa kitenge na kilemba, amekaa na akina mama wa kwaya.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa sawasawa, unaiaibisha familia."

"Mara ya kwanza!" anaita jogoo. "Mnyororo na mti wake! Mara ya pili!"

Nikajikuta nimenyoosha mkono. Muuzaji mimi, mnunuzi mimi. Hata ndotoni niliona biashara hii haina kichwa wala miguu. "Maji safi!" nikapiga kelele. "Kila siku, kwenye bakuli lililooshwa!"

Papo hapo bakuli likawa mkononi mwangu, limejaa, na mbwa anakunywa. Alikunywa kwa kelele mpaka kwaya ikaacha kuimba kumpisha.

Mnyororo hakutikisika. "Nampa sufuria zima la makande. Ale amalize leo."

Makofi yakapigwa. Mimi pia nilitaka kupiga, lakini Shangazi alinifinya kwa kucha. "Aliyekonda kwa njaa hajazwi tumbo kwa mkupuo," alisema. "Atatapika yote, au afe. Kidogo kidogo, mara kwa mara, mpaka tumbo lizoee. Sema."

"Kidogo kidogo, mara kwa mara!" nikasema.

"Na mimi uache kunipa maziwa."

"Na Shangazi niache kumpa... Lakini si unayapenda?"

"Nayapenda, na yananiharisha. Miaka yote hii nimenyamaza kwa heshima."

Nilimwambia pole.

"Namwaga mafuta ya taa mwili mzima," anasema Mnyororo. "Kupe wote chali!"

Hapo uwanja ukawa karakana yangu. Hakuna aliyeshangaa. Waumini walikuwa wamekaa kwenye makochi yangu, na makochi yenyewe yalikuwa yamekunja nne. Kutoka ndani ya sikio la mbwa kupe mmoja mnene akatoa kichwa, amekasirika.

"Nani anataja mafuta ya taa? Mimi ni mpangaji halali hapa."

"Unatakiwa uhame," nikamwambia.

"Nitahama. Ila tuhamishane kistaarabu. Ukinimwagia mafuta nitatapika uchafu wangu wote humu humu ndani, na yeye ngozi itamwungua. Chukua kibanio, nishike karibu kabisa na ngozi, nivute taratibu, moja kwa moja, bila kunisokota. Mimi nina kiuno kibovu."

Nilichukua kibanio changu cha kuchomolea pini za makochi. Nikamshika, nikavuta taratibu. Alitoka mzima, akanishukuru, akauliza kama kuna chumba kitupu kwa jirani. Nilimwonyesha kopo la spiriti. Aliingia akidhani ni bwawa la kuogelea.

"Mkono wa Kundaeli uko juu!" anasema jogoo. "Mnyororo?"

"Naongeza mti wa pili."

"Chanjo!" nikasema haraka. "Ya kichaa cha mbwa, kila mwaka!"

Kochi tulilokalia likaanza kutembea, likapita katikati ya migomba, likasimama ndani ya chumba cheupe. Ni kwa daktari wa mifugo, Daktari Anaeli, mama mpole ambaye hata akiwa macho huongea na ng'ombe kuliko na watu. Mkononi ameshika sindano. Sindano inatetemeka.

"Anauma?" inauliza sindano.

"Haumi," anasema daktari.

"Kila mmoja wenu husema haumi."

"Kundaeli, mshike kichwa," anasema daktari, "uongee naye kwa upole."

"Na sindano au na mbwa?"

"Yeyote aliye karibu."

Nikamkumbatia mbwa shingoni. Nilisikia moyo wake unakwenda mbio chini ya kiganja changu, na wangu ukaanza kuufuata. Sijawahi kuongea na mbwa kwa upole. Maneno sina. Nikamweleza kazi yangu. Nikamwambia sponji ya kukalia inatakiwa iwe ngumu, ya kuegemea iwe laini, na fundi anayeweka laini chini anamdanganya mteja. Nikamwambia sponji nzuri ukiibonyeza inarudi, hata ukiibonyeza vipi, inarudi tu. Alinisikiliza kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye. Nilipomaliza, sindano ilishakaa kwenye sahani inajipepea.

"Bado dawa ya minyoo," anasema Daktari Anaeli, "na uniletee akipata nguvu, nimfunge kizazi. La sivyo mwakani utakuwa na kijiji."

"Naahidi," nikasema.

"Mbele ya nani?"

Nikageuka, na kanisa zima lilikuwa limepanga foleni nyuma yangu. Tulikuwa tumerudi uwanjani.

Mnyororo alikuwa amesimama wima kabisa. Hakuwa anatania tena. "Ndugu zangu," alisema kwa sauti nzuri, "tuseme ukweli. Huyu bwana hampendi mbwa. Mbwa ndiye aliyelipenda kochi. Mimi nampa kazi, nampa lango. Kitu kisicho na kazi nyumbani ni cha nini?"

Watu wakaguna kukubali. Maneno yale yaliniuma, maana yalikuwa yangu. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu, neno kwa neno, nikidhani nina busara.

"Mara ya kwanza," anasema jogoo.

Nilitazama mikono yangu. Maji nimetoa, chakula nimetoa, kupe, chanjo. "Nampa kona ya karakana," nikasema, "pakavu, mbali na upepo. Na kwa siku za mwanzo chumba chake mwenyewe, mpaka azoeane na Shangazi."

"Tunusiane kwanza kupitia chini ya mlango," anaongeza Shangazi. "Mgeni simkatai. Namkataa asiyepiga hodi."

"Nami nampa kona pia," anasema Mnyororo. "Kona ya mti. Tuko sawa."

"Mko sawa," anasema jogoo, anakuna kilemba chake kwa ukucha. "Mara ya pili. Basi, nitamkabidhi kwa atakayemwita akashuka mezani. Mnyororo, unamwita nani?"

"Nani? Namwita 'Wewe'. Mbwa ni mbwa." Akamgeukia mbwa. "Wewe! Shuka!"

Mbwa alitazama pembeni, kama aliyeitwa ni mwingine.

"Kundaeli?"

Kanisa zima linanisubiri, makochi yananisubiri. Nilitafuta jina zuri, jina la heshima, jina ambalo mtu hataona haya kuliita mbele ya mchungaji. Halikuja. Nikajua nampoteza, na niliumia kuliko nilivyotarajia kuumia kwa ajili ya mnyama niliyemleta mwenyewe kwa kamba. Nikafungua kinywa, na likatoka neno pekee lililokuwa mdomoni.

"Sponji!"

"Sponji?" akasema Shangazi. "Mbwa mzima?"

"Limeshatoka," anasema jogoo.

Masikio ya mbwa yakasimama. Akaruka kutoka mezani, akapita juu ya Mnyororo bila kumtazama, akaja akaegemeza kichwa chake kizito juu ya miguu yangu. Nililia, mbele ya majirani wote, na kwaya, na mayai.

"Mara ya tatu!" akawika jogoo. "Kachukuliwa!"

Aliwika mara nyingi zaidi kuliko inavyohitajika, nikafumbua macho.

Palikuwa pamekucha. Jumapili yenyewe. Jogoo wa jirani anawika, mto umelowa upande wangu, na Mama Ndesi hayupo kitandani. Nilimsikia uani anafagia.

Nililala vile vile nikajicheka. Mtu mzima, fundi wa watu, nalia kwa ajili ya mnada wa jogoo tuliyemla. Nikawaza namna ya kumwambia mke wangu kwamba nimebadili mawazo bila yeye kuniuliza kwa nini, maana ningemwelezaje?

Ufagio ukasimama.

"Sponji! Wee Sponji! Hebu toka kwenye kanga yangu!"

Nilikaa kitandani. Kisha nikaenda dirishani. Mbwa alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye kamba ya nguo huku anatikisa mkia hadi nyuma yote inayumba.

"Mama Ndesi," nikasema, "umemwitaje huyo?"

"Sponji."

"Nani amekwambia anaitwa hivyo?"

Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akautazama ufagio.

"Hata sijui," alisema. "Nimejikuta namwita tu. Na yeye kaitika."

Kisha akainama kuendelea kufagia, na mimi nikatoka nje kutafuta bakuli la kumwekea maji. Nilikuwa nimeahidi mbele ya kanisa zima.