Kiti cha Chuma cha Mzee Mukendi

Mwezi wa saba baridi ya Likasi haina mzaha, lakini ikifika saa tano asubuhi jua huwaka na watu huvua makoti. Mzee Mukendi peke yake alikuwa bado anatetemeka barazani, mablanketi matatu mabegani, juu ya kiti cha chuma alichokitengeneza mwenyewe enzi zake za uchomeleaji kule viwandani Panda.

Binti yake Berthe alitazama kipimajoto ukutani: digrii ishirini na mbili. Akampima mzee kwapani: homa hana. Basi, akawaza, baridi kama haiko hewani, iko ndani ya mtu. Mama yake naye alitetemeka hivyo hivyo siku za mwisho, mwaka jana tu. Berthe aliogopa kumpoteza na baba, akakimbilia kwa pasta Damas. Na pasta huyo hajui kufanya jambo dogo: aliagiza Berthe afunge siku tatu, na asubuhi na jioni yeye na Berthe wamwekee mzee mikono kichwani. Mzee aliitikia amina kwa adabu, akaendelea kutetemeka.

Siku ya tatu, mzee alipokwenda msalani, Berthe, amechoka kwa njaa, alijitupa kwenye kile kiti ili aombe. Hakufika mbali. Chuma kilimnyonya joto kupitia kitenge, na upepo uliobanwa kati ya nyumba na ukuta wa jirani ukamchapa mgongoni bila kupumzika. Meno yakaanza kugongana. Akahamia kwenye benchi la mbao, hatua nne tu pembeni, nyuma ya ukuta wa jikoni. Pale upepo haukufika. Saa ile ile, jua lile lile, na baridi hakuna!

Alicheka peke yake, kisha akaona aibu. Mzee aliporudi, akamkalisha kwenye benchi. Haikupita muda, mwili ukatulia, akaomba chai, akaletewa.

"Papa, lakini juu ya nini haukusema kama ni kile kiti?"

"Nilichomeleaka chuma miaka makumi tatu, sitajua kama kinakulaka moto ya mwili ya muntu?"

"Sasa ulibakia pale juu ya sababu gani?"

Mzee alitazama mikono ya binti yake.

"Mikono yenu ilikuwa ya moto. Tangu mama yako alikufa, hakuna muntu ananigusaka."

Berthe alimshika mkono. Akaketi karibu naye, bega kwa bega, chai ikapoa.