Bibi Domna wa Kila Jumapili

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili Shorena alivaa nguo nyeusi, ila Jumapili mchana. Saa hiyo alivua msiba wake, akavaa blauzi nyekundu, akapaka rangi ya mdomo, akaigeuzia ukutani picha ya bibi yake yenye utepe mweusi, kisha akakaa mbele ya simu kungoja uso wa mama yake, Lamara, kutoka Bari, Italia.

"Mama yangu hajambo?" Lamara aliuliza kila mara, salamu hazijaisha.

"Hajambo. Amelala."

"Kila Jumapili amelala?"

"Mama, ana miaka themanini na saba. Ulitaka acheze ngoma?"

Lamara alicheka, Shorena naye akacheka, na simu ikikatika aliigeuza tena ile picha na kurudia nguo zake nyeusi.

Uongo wenyewe haukuwa wake peke yake. Aliuamuru mjomba Vazha, kaka yake Lamara, siku ile ile Bibi Domna alipokata roho. Kijiji kizima kikakubali, maana katika mkoa wao wa Imereti ndivyo wanavyofanya: aliye ughaibuni bila karatasi za kuishi huko hapelekewi habari ya msiba. Akitoka Italia hataruhusiwa kurudi kazini. Asipotoka, atalia peke yake jikoni kwa bibi wa watu, ambako ameajiriwa kumwogesha na kumlisha. Sasa umwambie ili iweje? Basi wakafunga midomo, padri, muuza duka, hata wale majirani wawili ambao tangu enzi za Wasovieti hawajawahi kuweka siri ya mtu.

Ila mwezi wa tano, baada ya miaka kumi na mmoja ya kukaa Italia, Lamara alipata karatasi zake. Akakata tikiti siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana leo mjomba Vazha aliendesha gari kutoka uwanja wa ndege wa Kutaisi polepole kama mtu aliyepakia mayai. Mpango ulikuwa wake: Lamara afike nyumbani, ale, atulie, ndipo aambiwe, muuguzi wa jirani akiwa karibu, ameshika dawa ya moyo. Shorena alitaka kusema pale pale uwanjani, lakini hakufua dafu.

"Unataka aanguke mbele ya askari wa forodha?" mjomba alimnong'oneza kwa hasira.

Sasa alikuwa kiti cha nyuma, bega kwa bega na mama yake. Hakuogopa kilio. Kilio angekivumilia. Aliogopa kwamba mama yake atamtazama, azikumbuke Jumapili zile moja baada ya nyingine, na asimwamini tena maishani. Miaka kumi na mmoja walikuwa mama na mtoto kwa maneno ya simu tu. Maneno yenyewe yakiwa uongo, wamebaki na nini?

Lamara alikuwa amekonda ndani ya koti lake la kijani. Alizungumza bila kupumzika, juu ya joto la Bari, juu ya abiria aliyekoroma safari nzima. Jambo moja lilizidi kumtia Shorena hofu: tangu atue, Lamara hakuwa amemuulizia Bibi Domna hata mara moja.

Walipofika njia panda Vazha akakata kushoto.

"Kulia," Lamara akasema.

"Dada, Italia imekusahaulisha kwenu? Nyumbani ni kushoto."

"Nyumbani nakujua. Rudi ukate kulia, Vazha. Mama hayuko nyumbani."

Vazha alikanyaga breki, gari likazimika. Hakuna aliyethubutu kugeuka. Lamara alifungua mkoba, akatoa kitambaa cheusi, akakifunga kichwani.

"Nani kakwambia?" Vazha aliuliza.

"Kijiji mlikifunga mdomo. Na binamu zao wanaoogesha wazee Bari, nao mliwafunga? Nilijua siku ya tatu! Arobaini yake tulimfanyia bustanini, siku yetu ya mapumziko, wanawake kumi na wawili kwenye benchi na mikate ya jibini mapajani."

"Ulijua?" Shorena alimgeukia. "Na kila Jumapili ukaniuliza?"

"Ningesema najua, ungelia. Ningekuona unalia, ningepanda ndege, na karatasi nisingezipata kamwe." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Halafu, nisamehe mwanangu, nilipenda kusikia kwamba amelala."

Makaburini Vazha alibaki langoni, kofia mkononi. Lamara alilia mbele ya jiwe la kaburi lililochongwa sura ya Bibi Domna, akalia mpaka sauti ikamwisha. Kisha akakaa kwenye benchi la kaburini na kujifuta uso.

"Sasa niambie alikufaje. Usinirembee. Uongo nimeshiba."

Shorena akakaa karibu naye. Hili hakuwahi kumwambia mtu, hata mjomba.

"Siku ya mwisho hakunitambua. Alinishika mkono akaniita kwa jina lako. 'Lamara, umefika?' Nikamwambia, ndiyo mama, nimefika." Hakuweza kuinua macho. "Nilijifanya wewe. Sikuwa na haki hiyo."

Lamara alikifungua kitambaa chake cheusi, akakifunga upya, na Shorena akadhani sasa ndiyo basi, amempoteza.

"Akaamini?"

"Aliamini. Akaniuliza kama nimekula njiani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema sijala. Niliona wewe ungesema hivyo." Shorena akaligeukia jiwe. "Akataka kuinuka akupashie maharage moto, mama. Akashindwa. Hapo ndipo alipoondoka."

"Alikushika mkono upi?"

Shorena alinyoosha wa kulia. Lamara akaupokea kwa mikono yake miwili iliyochubuliwa na sabuni za watu, akauweka shavuni pake na kufumba macho. Vazha aliwaita mara mbili kutoka langoni, lakini Lamara hakuuachia ule mkono.