Taulo za Ghorofa ya Sita

Hoteli yetu ilikuwa na bustani iliyopandwa ukutani, kuanzia chini mpaka ghorofa ya tisa, na vyoo vyake vilitumia maji ya mvua. Wageni walilipa vizuri, wakalala wakijua hawajaharibu kitu. Mimi nilikuwa dobi. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha wala jani moja.

Tulikuwa wawili, mimi na Kipara, na mashine kubwa mbili. Kisha meneja akaweka kadi kila bafuni. Mgeni akitundika taulo, ataitumia tena. Akiitupa sakafuni, inapelekwa kufuliwa. Meneja akashuka kutueleza kwamba anataka mzigo upungue nusu. Ukipungua hivyo mpaka mwisho wa mwezi, mashine moja itazimwa na mtu mmoja ataondoka. Hakusema nani. Kipara alinitangulia kazini miaka minne, kwa hiyo meneja hakuwa na haja ya kusema.

Wiki ya pili mzigo ulikuwa umepungua ghorofa zote isipokuwa ya sita. Ghorofa ya sita ilisafishwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunayeishi naye. Ndiye aliyenitafutia kazi ile.

Nimeshika nguo za watu tangu nilipoacha shule darasa la tano. Taulo iliyotupwa chini huja imejikunyata na ina unyevu. Zile za ghorofa ya sita zilikuja zimekauka, zina mstari wa bomba la kutundikia katikati.

Wakati wa kula nikamuuliza wageni wake wana nini.

"Wageni wana mambo yao," akasema, anatafuna.

"Shemeji, zina alama ya bomba."

"Wewe fua. Umeajiriwa kufua, hukuajiriwa kupeleleza."

Nikafua. Sitajisafisha hapa: nilifua siku kumi na moja huku najua anazitoa bombani ili mzigo usipungue.

Aliyelalamika ni bibi mmoja wa chumba cha mwisho, aliyekaa wiki mbili. Kila asubuhi alitundika taulo yake, kila mchana akakuta nyingine. Alimwambia meneja kwamba kadi zake ni pambo tu. Meneja akatuita ofisini, mimi na shemeji. Shemeji akasema alizikuta sakafuni. Meneja akanigeukia, maana taulo za ghorofa ya sita zilipita mikononi mwangu.

"Zilikuja zimelowa au kavu?"

Kapu la siku ile lilikuwa bado halijaingia mashineni. Angeshuka tu na kulishika. Nikasema kavu. Shemeji akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ila mimi ndiye niliyemlazimisha," nikasema. "Anakaa kwangu. Angekataaje?"

Ulikuwa uongo mtupu, na haukuwa ushujaa. Mimi nilikuwa wa kuondoka hata hivyo, na nyumba moja haiwezi kupoteza kazi mbili asubuhi moja. Shemeji akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, akaufunga. Yeye akapewa barua ya onyo. Mimi nikaambiwa nimalize zamu niende.

Nikasubiri mashine imalize, nikafuta mpira wa mlango, nikauacha wazi isije ikanuka. Kipara akauliza kama itawashwa kesho. Nikamwambia hapana.

Sasa nafua kwenye hosteli ya wanafunzi. Shemeji bado yuko ghorofa ya sita. Kwa wiki tatu hakunisemesha. Mke wangu alidhani ni aibu, lakini haikuwa aibu. Ilimuuma kwamba mbele ya bosi wake nilimfanya mtu wa kuburuzwa, wakati lile lilikuwa wazo lake mwenyewe na alilifanya kwa ajili yangu.

Jioni moja akatoka bafuni, akaja mpaka nilipokaa, akatupa taulo yake miguuni pangu.

"Na hii hukunilazimisha," akasema.

Nikaiokota. Ilikuwa imelowa chapachapa.