Kwa Jina la Mdogo Wake

Hela za miezi miwili ya kwanza ziliingia bila taabu yoyote, na zote ziliingia kwa jina la mdogo wake.

Salvatori Lyamba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku pale Mpanda kwa miaka kumi na minane. Ghala lilipofungwa, yeye na wenzake walipewa barua za kuachishwa kazi, wakaelekezwa waende ofisi ya Mfuko wa wafanyakazi wakaombe fao la kukosa ajira: sehemu ya mshahara kila mwezi, kwa miezi sita, mtu asije akaanguka ghafla huku anatafuta kazi nyingine. Wenzake walijaza fomu wakitaniana kwamba sasa watalipwa kwa kukaa. Salvatori alijaza ya kwake akiwa amewapa mgongo. Palipotakiwa jina kamili aliandika Damiano Lyamba, kama alivyoandika tangu siku ya kwanza ya kazi.

Damiano alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, mkulima wa Kasekese. Wote wawili walisoma sekondari, lakini Salvatori aliambulia sifuri kidato cha nne, mdogo wake akafaulu. Mwaka ghala lilipotangaza kazi ya karani, Salvatori alifungua sanduku la mbao la mama yao, akachukua cheti cha Damiano, akaondoka nacho. Cheti hakikuwa na picha. Kazini wakamwita Lyamba, ambalo lilikuwa jina la wote wawili, na mtaani akabaki Salvatori. Zoezi la vitambulisho vya taifa lilipopita aliandikishwa Salvatori, maana mjumbe wa nyumba kumi na majirani walikuwa wanamfahamu hivyo, na asingeweza kusema vingine mbele yao. Akaishi hivyo, mtu mmoja mwenye makaratasi ya watu wawili, mpaka ujumbe wa Mfuko ulipoingia kwenye simu:

“Ndugu Damiano Lyamba, fika ofisini na kitambulisho cha taifa kwa uhakiki wa alama za vidole. Asiyehakikiwa atasitishiwa malipo.”

Siku ya kwenda, alipitia duka la dawa akanunua bandeji. Akajificha nyuma ya kibanda cha mkaa, akafunga mkono wa kulia, kisha wa kushoto kwa kutumia meno. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa mtoto anayeiba sukari.

Ofisini alimkuta Hezron, aliyefanya naye kazi ghalani, akiwa amekaa kwenye foleni.

“Lyamba! Leo tunapimwa sisi, siyo tumbaku,” Hezron akasema, kisha akaona mikono. “Umepatwa na nini tena?”

“Maji ya moto.”

“Pole, ndugu yangu. Mabalaa hayaji moja moja.” Na Hezron akasimama, akampisha kwenye kiti.

Dirishani alikuwepo binti anaitwa Doto, mpole, mwenye kufundisha wazee namna ya kubonyeza kidole kwenye mashine bila kuwafokea. Alipoona zile bandeji aliacha kabisa alichokuwa anafanya.

“Jamani baba! Zote mbili?”

“Zote.”

“Umeenda hospitali? Usije ukapaka dawa ya meno, watu wanaharibika hivyo.” Akamwambia kitambulisho atakikagua siku akija kuweka kidole, kwamba anampa nafasi apone kwanza. “Njoo Ijumaa. Ijumaa ndiyo mwisho, lakini nitakuandikia hapa kwamba ulifika.” Kisha akazunguka kutoka nyuma ya dirisha, akamkusanyia karatasi zake kwenye bahasha, akamwekea bahasha kwapani, akawaambia watu wa mlangoni wampishe mgonjwa.

Watu wakampisha. Mama mmoja akamfungulia mlango. Salvatori alipita katikati yao akiangalia sakafu, na kila “pole” aliyopewa ilimuunguza kuliko maji yoyote ya moto.

Nyumbani, mke wake Mariana alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza, akaweka ungo chini.

“Sasa Baba Elias, si umwite shemeji Damiano aje aweke kidole? Jina si lake? Alikuazima cheti kwa moyo mmoja, atakataa kidole?”

Salvatori akaanza kufungua bandeji kwa meno. Hayo ndiyo aliyomwambia Mariana walipooana, kwamba mdogo wake alimwazima cheti. Damiano mwenyewe alikuwa ameambiwa mengine.

Jumatano asubuhi alipanda gari la kwenda Kasekese, cheti kikiwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya shati. Njia nzima alipanga maneno. Alipanga kusema kuna tatizo dogo la mashine. Akapanga kusema ni mambo ya ofisi, wanachanganya majina. Alipofika kwa mdogo wake alikuwa na maneno matatu tofauti, yote yamepangika vizuri.

Damiano alikuwa uani anapukuchua mahindi. Akainuka, akamshika kaka yake mkono kwa mikono yote miwili.

“Kaka! Hata simu? Lusia, njoo umwone shemeji yako!”

Lusia akatoka jikoni anacheka, akapiga magoti kidogo kumsalimia, na muda si muda kuku akawa anakimbizwa nyuma ya nyumba. Salvatori akasema hana njaa. Hakuna aliyemsikiliza.

“Tulisikia mambo ya ghala,” Damiano akasema wakiwa wamekaa. “Nikamwambia Lusia, kaka hawezi kusema, ila watoto wake wanakula kila siku kama wa kwetu. Nimekutengea gunia moja la mahindi na maharage kidogo. Nilikuwa natafuta pikipiki ya kuyaleta.”

Gunia lilikuwa pale, limesimama kwenye kona ya baraza, limeshonwa mdomo kwa kamba mpya. Salvatori alilitazama, na maneno yake yote matatu yakamtoka kichwani. Akaingiza mkono kwenye shati, akatoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya kigoda.

Damiano alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuupokea. Akatoa karatasi, akaikunjua. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kama anasoma habari za mtu mwingine. Kisha akarudia kusoma juu kabisa, penye jina.

Kuku alikuwa ameshakamatwa. Walisikia sauti yake ikikatika.

“Uliniambia mchwa walikula sanduku,” Damiano akasema.

“Ndiyo.”

“Mchwa walikula nini?”

“Walikula kitenge cha mama na daftari za shule. Cheti nilikuwa nimeshakitoa. Nilikuwa nimeshaanza kazi nacho.”

Damiano akakiweka cheti kwenye mapaja. Akachukua gunzi lenye mahindi, akaanza tena kupukuchua, na punje zikawa zinadondoka kwenye beseni, nyingine nje ya beseni.

“Mwaka ule walikuja kuchukua vijana wa askari wanyamapori,” akasema. “Tulikimbizwa pale Sitalike, kilomita kumi, juani. Nikawa wa pili. Wakasoma majina, langu likiwemo. Wakasema, Jumatatu kila mtu na cheti chake halisi. Nikatembea mpaka kwenye sanduku la mama, sikukiona. Nikaja kwako mjini kukuuliza. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Ulikuwa umevaa shati jeupe. Ukaninunulia soda.”

Salvatori alikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Siku hiyo cheti kilikuwa chini ya godoro lake, hatua sita kutoka pale mdogo wake alipokuwa anakunywa soda. Aliwaza kukitoa. Akawaza pia kwamba mji ni mdogo, na Damiano Lyamba wawili wenye cheti kimoja watajulikana kabla ya mwezi kuisha. Akamwambia mchwa wamekula sanduku, akamwongezea soda ya pili.

“Kilichokuleta leo siyo kunirudishia,” Damiano akasema. Hakuuliza.

Basi ikabidi aseme. Alieleza habari za Mfuko, za ujumbe, za mashine ya vidole, za Ijumaa. Alitaja hata bandeji, ijapokuwa hakuna aliyemuuliza. Alipofika mahali pa kuomba, alimalizia kwa kunong’ona kwamba kama Damiano angekuja siku moja tu, akaweka kidole, hela zingeendelea mpaka miezi sita itimie, na wangegawana.

“Shemeji Mariana anajua?”

“Anajua kwamba uliniazima.”

Damiano akaacha kupukuchua. “Kwa hiyo hata kule kwako mimi ni mtu mwema. Na mimi hapa sina habari.”

Lusia alikuja na maji ya kunawa. Akaona nyuso zao, akasimama na jagi mkononi.

“Mpe anawe,” Damiano akamwambia. “Ni mgeni.”

Salvatori alikula. Hakuna adhabu aliyowahi kupewa iliyomshinda kama ile firigisi iliyowekwa upande wake wa sahani, kama desturi inavyotaka kwa mkubwa. Baada ya kula, Damiano akamsindikiza mpaka barabarani, na gari lilipoonekana kwa mbali ndipo akafungua mdomo.

“Ijumaa nitakuja. Lakini kidole changu siweki. Nakuja kukusikia ukilitaja jina lako.”

Usiku huo Salvatori alimweleza Mariana ukweli wote. Mariana hakupiga kelele. Alisema tu, “Miaka yote nimekuwa namshukuru shemeji kwa kitu ulichomnyang’anya,” akahamia kulala chumba cha watoto.

Ijumaa ilikuwa na watu wengi. Salvatori alifika mikono wazi. Damiano alikuwa amekuja na basi la alfajiri, amevaa koti lake la kanisani, amekaa benchi la mwisho. Zamu ilipofika, Doto alitabasamu.

“Umepona haraka, baba! Nimefurahi.”

“Sikuungua, binti yangu,” Salvatori akasema. “Na mimi siyo Damiano. Naitwa Salvatori Lyamba. Damiano ni yule pale.”

Tabasamu la Doto halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo, halijui liende wapi. Hilo ndilo lililomuuma Salvatori kupita yote ya siku ile, kuliko hata watu wa foleni waliokuwa wameacha kuongea ili wasikie. Kisha binti akainuka, akaenda kumwita mkuu wa ofisi.

Mkuu alikuwa mama wa makamo, Helena Nyanzala, mwenye miwani iliyoning’inia kifuani. Akawaita ndugu wote wawili ndani, akafunga mlango, akamsikiliza Salvatori mpaka mwisho huku anaandika. Kisha akamgeukia Damiano.

“Nakuuliza wewe, na ujibu kwa utulivu, kwa sababu jibu lako linaandikwa. Huyu ulimpa cheti chako kwa hiari yako?”

Salvatori alijua kwamba neno moja la “ndiyo” lingempunguzia mzigo mkubwa. Akajikuta analitamani, na kwa kulitamani akaona haya upya, kana kwamba amefungua lile sanduku kwa mara ya pili. Akainamisha kichwa.

“Hapana, mama,” Damiano akasema. “Sikumpa. Alichukua.” “Lakini kazi aliifanya yeye. Miaka yote hiyo, aliyesimama kwenye mizani ni yeye. Na hilo uandike.”

Mama Helena akaandika yote mawili. Akasema malipo yanasimama kuanzia siku hiyo, faili linapelekwa kwa wakubwa, na asijidanganye kwamba jambo limeishia hapo. Salvatori akaweka sahihi, na kwa mara ya kwanza mbele ya mtu wa ofisi akaandika jina lake mwenyewe. Mkono ulisita kwenye herufi ya kwanza kama wa mtu anayejifunza.

Nje alimkaribisha mdogo wake nyumbani, chakula kipo. Damiano akasema, “Leo hapana,” akaenda stendi.

Mji ulijua kabla ya jua kuzama. Kwa majuma kadhaa watu wa kijiweni walimsalimia kwa kumuuliza ni Lyamba yupi huyo. Hezron alimpita barabarani bila kumtazama. Elias, mtoto wake mkubwa, alirudi kutoka shuleni siku moja na shati limechanika, akakataa kusema alipigana kwa ajili ya nini. Salvatori alipata kibarua cha kupakua mifuko ya simenti, na Mariana akaanza kuuza maandazi. Mwezi wa nne tangu Ijumaa ile barua ikaja: aape mahakamani kuhusu majina yake, halafu michango yake kwenye Mfuko itaangaliwa upya, zile hela za miezi miwili zitakatwa humo. Fao lenyewe halitaendelea. Aliisoma mara mbili, akaona amepewa zaidi ya alichostahili.

Mvua za kwanza zilipoanza, alifunga jembe kwenye baiskeli akaenda Kasekese bila kuitwa. Alimkuta Damiano shambani na Lusia, wanapanda mahindi. Akasimama pembeni ya shamba, viatu mkononi, tope mpaka kwenye vifundo. Lusia ndiye aliyemwona kwanza. Akamgusa mume wake begani.

Damiano akageuka, akamtazama kaka yake muda mrefu. Hakumsalimia. Kisha akanyoosha mkono upande wa mtoni, kwenye kipande ambacho kilikuwa hakijaguswa.

“Anzia kule,” akasema, akainama tena.

Salvatori akaenda kuanzia kule.