Tumbo Lililopiga Pasi

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo hata ngazi zilionekana kuchoka kushuka. Kilikuwa na pande mbili. Upande mchafu ulipokea magunia ya mashuka yenye damu, matapishi na mengine ambayo mtu hayataji akiwa na mgeni. Upande mweupe, ng'ambo ya kiuwanja cha saruji, ndiko yalikopigwa pasi na kukunjwa. Kule alisimama mwanamke ambaye kila mtu alimwita Bi Mstari, kwa kuwa shuka lililokunjwa naye lilikuwa na mstari ulionyooka hata ungeweza kukata nao sabuni.

Ukutani palikuwa na kibao: HAKUNA KULA MPAKA MASHUKA YAPANDE. Msimamizi alikipaka rangi upya kila mwaka. Yeye wanawake walimwita Bwana Weupe, maana salamu yake ya asubuhi ilikuwa moja tu: "Weupe, akina mama, weupe." Wafuaji waliingia alfajiri. Chai na mkate kutoka jikoni vilishuka saa nne, baada ya mashuka kupanda wodini. Kabla ya hapo, mlinzi wa geti alipekua mikoba, na andazi lililokamatwa lililiwa na mlinzi.

Mwaka ule mapafu ya Bi Mstari yalikakamaa. Pumzi ikawa inaingia kifuani kama mpangaji anayedaiwa kodi, kwa kunyata. Hospitali ikampa dawa bure, kwa sababu alikuwa na kitambulisho cha mfanyakazi: vidonge vyeupe vya steroidi vya kutuliza mapafu, na kapsuli za kulinda tumbo. Kwenye pakiti zote mbili waliandika "kila siku", wakaita mtu wa nyuma yake.

Bi Mstari akapanga mambo kwa akili yake. Vidonge vyeupe alivimeza bombani akishafika kazini, kwa maji matupu, asije akavisahau. Kapsuli akaiweka mpaka saa nne, aishushe na mkate. Ya tumbo iende na chakula, alijiambia, na hakuna aliyemwambia vingine.

Wiki chache zikapita, tumbo likaanza kupata moto. Kwanza ulikuwa moto wa kawaida, kama pilipili iliyokwama chini ya mbavu. Kisha siku moja akainama juu ya meza kunyoosha pembe ya mbali ya shuka, na alipoinuka, pale tumbo lilipogusa palikuwa pamenyooka, pana joto, hapana hata mkunjo mmoja.

Rafiki yake wa upande mchafu, Mama Sabuni, alikuwa amekuja kuazima beseni. Akapapasa lile shuka.

"Haya," akasema, "umepona kusubiri pasi ipate moto. Kitendawili."

"Tega, ila upesi."

"Nimelala na wagonjwa wote wa hospitali hii na sijawahi kuugua."

Bi Mstari akafikiri, mkono tumboni. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua ghorofa ya tatu, ile ya wanaolipia."

"Nimekwenda ghorofa ya tatu, nimekula kuku, nimelala chali, nikaletewa na mto wa pili. Shuka, mwanamke! Siku nzima unalikumbatia na hulijui."

Bwana Weupe alipata habari kesho yake. Akaligusa shuka kwa mgongo wa mkono, kama mtu anavyogusa paji la uso la mtoto.

"Halijaungua?"

"Halijaungua."

"Endelea, basi."

Mwisho wa mwezi pasi zilipelekwa stoo na waya zake zikakatwa, kwa kuwa umeme ni ghali. Wapiga pasi wawili waliobaki walipelekwa jikoni kumenya vitunguu. Mashuka yao akaongezewa Bi Mstari. Fundi cherehani wa hospitali akamshonea aproni mpya yenye tundu mbele, tena kwa vipimo vyake, tundu likipindwa pindo zuri lisichanike. Alfajiri alimeza vidonge, akasubiri kidogo mpaka mvuke uanze kutoka kwenye tundu, kisha akalala kifudifudi mezani, shuka baada ya shuka. Wagonjwa walisifu kwamba siku hizi mashuka yanakuja na joto, utadhani yametoka kwa mama.

Kisha choo chake kikawa cheusi kama masizi ya sufuria. Hapo akaenda kwenye dirisha la dawa.

Mfamasia alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamuuliza anavyomeza, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Dada yangu, umevaa nguo nje ndani. Hii kapsuli ndiyo inayotangulia, tumbo likiwa tupu. Subiri nusu saa. Halafu ule, ule chakula cha kueleweka, si kumumunya kipande cha mkate kama pipi. Ukishakula ndipo umeze hivi vyeupe. Asubuhi yote hayo, kila siku."

"Na nikiviacha hivi vyeupe?"

"Usithubutu kuviacha ghafla. Mwili umeshavizoea, utaanguka kama gunia. Na hicho choo cheusi ni damu. Panda ukamwone daktari sasa hivi."

Daktari alimlaza kitandani, akaweka mkono tumboni, akauondoa, akapuliza vidole.

"Linawaka," akasema. "Mfamasia amekueleza? Lazima ule kwanza."

"Huko chini hatuli mpaka mashuka yapande, daktari."

Daktari akalitazama shuka alilolalia.

"Mashuka haya?"

"Hayo hayo."

"Mazuri," daktari akasema, na akamwandikia kapsuli zenye nguvu zaidi.

Basi Bi Mstari akaanza kuamka mapema kuliko jogoo wa jirani. Akameza kapsuli, akafagia, akaoga, akakaa kungoja uji upoe. Akala uji na mkate hadi akacheua. Kisha vile vyeupe. Halafu ndipo akafunga mlango kwenda kazini. Baada ya siku chache aliweza kulala ubavu. Choo kikarudi rangi yake. Na tumbo likapoa, likawa tumbo la mwanamke wa umri wake, laini na lisilo na habari.

Mashuka yakaanza kupanda na mikunjo.

Bwana Weupe akaja akasimama karibu naye kuliko inavyostahili, akavuta pua.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Bi Mstari. Wewe wa kutuangusha, kweli?"

"Dawa ndiyo inataka hivyo. Daktari wa humu humu ndiye aliyesema."

"Daktari yuko juu. Mimi ninasimamia chini. Pasi ziko stoo, waya hazipo, wodi zinalilia mashuka. Unataka nikawaambie nini? Kwamba dobi wetu alikuwa na hamu ya uji?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Njoo na njaa, au lete kitambulisho. Mkate wako uko pale pale saa nne, hakuna aliyeugusa."

Kitambulisho ndicho kilichofungua dirisha la dawa. Bila kitambulisho hapana vidonge, na bila vidonge pumzi ingenyata mpaka ikaacha kuja. Bi Mstari alilijua hilo, na Bwana Weupe alijua kwamba analijua. Tangu kesho yake mlinzi wa geti aliongezewa kazi ya kunusa midomo ya wa upande mweupe. Mwenyewe alikuwa akitafuna karanga wakati ananusa.

Bi Mstari akaja na njaa. Tumbo likawaka kuliko mwanzo, maana sasa kulikuwa na moto wa vidonge na juu yake moto mwingine ambao hakuna kapsuli inayouzima. Usiku alilala ameketi. Mashuka yakanyooka hata mstari wake ukachana begi la mbebaji mmoja. Bwana Weupe akafurahi, akamwita "mama yetu" mbele za watu.

Ndipo wakaja wageni. Mkurugenzi wa hospitali alishuka nao mwenyewe, watu wa suti na wa viatu visivyozoea maji, kuitazama pasi isiyokula umeme. Pembeni waliandaliwa meza yenye mkate, mayai ya kuchemsha na chai ya maziwa, na kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, Bi Mstari amekipiga kwa tumbo alfajiri ile ile. Siku hiyo vidonge vyeupe alikuwa hajavimeza. Vilikuwa mfukoni. Tumbo lilikuwa bado na moto wa jana. Kapsuli alikuwa ameimeza wageni walipoanza kushuka ngazi, kwa kuwa kapsuli hainuki, na wageni hawana haraka.

Bwana Weupe alieleza kila kitu. Wageni wakaweka viganja juu ya tundu la aproni mmoja mmoja, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Ina matengenezo?" akauliza mmoja.

"Hamna."

"Inatumia nini?"

"Njaa tu," akasema Bwana Weupe.

Wakacheka kwa adabu. Bi Mstari akainuka mezani kwake, mvuke ukimtoka, akaenda kwenye meza ya wageni, akavuta kiti. Akakaa. Akamenya yai bila haraka, akala, akamenya la pili. Akapaka mkate siagi mpaka pembeni. Akamimina chai. Hakuna aliyemzuia, labda kwa sababu alikula kama mtu aliyealikwa. Alipoona imetosha akatoa vidonge vyeupe, akavimeza mbele yao, akafuta mdomo kwa kitambaa cha meza.

Mvuke ukapungua. Ukakoma.

Mkurugenzi akaweka shuka moja juu ya tumbo la Bi Mstari, akaliondoa, akalitazama. Lilikuwa na mikunjo yake yote. Hakukasirika. Alimgeukia Bwana Weupe kama mtu anayeulizia basi linalofuata.

"Itapata moto tena lini?"

"Kesho, mkurugenzi. Akiamka na njaa."

"Kesho nitakula," akasema Bi Mstari. "Na kesho kutwa. Na kama mnataka mashuka yanyooke, pasi ziko stoo, mlango wa kulia. Mimi ni mtu. Mnanisikia? Mmenilaza juu ya meza kama kitambaa, mnanipima joto kama birika, na juu huko mnaniandikia nile. Hospitali moja, midomo miwili. Aibu hamna?"

Wageni walitazama viatu vyao. Mmoja akasema kwamba hoja ni ya msingi na ingefaa izingatiwe. Mkurugenzi akakubali kwa kichwa. Kisha akapaza sauti kidogo, ifike na ng'ambo ya kiuwanja:

"Kuna mwingine hapa anayetumia vidonge hivi?"

Maji yalichuruzika. Halafu kwenye mlango wa upande mchafu ukainuka mkono, umelowa hadi kwenye kiwiko, vidole vimevimba kwenye viungo. Ulikuwa wa Mama Sabuni.

Walibadilishana siku hiyo hiyo. Bi Mstari alipelekwa upande mchafu, kitambulisho akaachiwa, kwa kuwa huko hakuna anayekwenda kunusa mdomo wa mtu. Fundi akaitwa kupanua tundu la aproni, maana Mama Sabuni alikuwa na tumbo kubwa zaidi.

Jioni Bi Mstari alimfuata kwenye kabati za nguo, akamshika bega.

"Shoga, nisikilize. Kapsuli kwanza. Nusu saa. Ule. Ndipo vyeupe. Wasikudanganye."

"Najua. Mfamasia alinieleza aliponipa vyangu vya viungo, nami nilimwelewa."

"Sasa?"

Mama Sabuni alikuwa akikausha vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayehesabu watoto wake.

"Miaka yote hii nimelowa, dada," akasema. "Niache nikauke kidogo."

Alfajiri iliyofuata Bi Mstari alikula uji wake nyumbani, akaingia upande mchafu, akafungua gunia la kwanza. Ilikuwa bado giza. Ng'ambo ya kiuwanja, kwenye dirisha la upande mweupe, mvuke ulikwishaanza kupanda, na Bwana Weupe alisikika akisalimia.